Saa ya Sebuleni kwa Dada

Jumapili, 2 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Kitamu, ila sikukifaidi. Saa ya ukutani sebuleni kwao iko mbele dakika kumi. Dakika kumi! Nilikaa nikitazamana nayo, kila nikiinua kijiko naiona. Wapwa wangu wananiita Mjomba Sekunde, na sikatai. Mtu wa kazi yangu hawezi kushiba mbele ya saa mbovu. Dada alipokwenda kuosha vyombo, na shemeji yuko nje anapiga soga na jirani, nikapanda kiti, nikaishusha, nikairekebisha kwa simu yangu, nikaitundika. Sikumwambia mtu. Nikisema, wataona najidai.

Jumatano, 5 Machi

Kazini, chuoni. Chumba cha seva baridi, nimevaa makoti mawili kama mgonjwa. Habari mbaya: ile kampuni iliyokuwa na seva ya saa ya umma imezima ya kwao. Hata kuaga hawakuaga. Tulikuwa wanne nchi nzima, tumebaki watatu. Kompyuta za watu — za benki, za hospitali, za mageti — zinatuuliza saa ngapi, sisi tunajibu. Kutwa kucha, bure, na hakuna anayejua tupo.

Watatu si haba. Mmoja akidanganya, wawili wanamuumbua. Tukibaki wawili tukapishana, nani ataamua?

Nimemweleza mkuu wa idara hayo. Akauliza chuo kinapata nini. Heshima, nikamwambia. Akacheka! Analitaka kabati la seva kwa mambo yake. Siku mtu yeyote akilalamikia saa ya seva yetu, kasema, anaizima siku hiyohiyo.

Nimepanda paani kufuta antena, ile inayopokea saa ya setilaiti. Kinyesi cha ndege. Basi.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna jipya. Seva iko sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kapiga simu. Shemeji anaandikwa mchelewaji kila siku pale kiwanda cha magodoro. Wiki iliyopita, wiki hii, bila kukosa. Geti lao lina mashine ya kidole — ukichelewa hata dakika tano inakuanika. Yeye anaapa anatoka nyumbani wakati uleule wa siku zote. Dada kasema, labda kuna nyumba anapitia asubuhi. Kisha akacheka, lakini kicheko hakikuwa chake.

Nikamwambia aache fikra hizo.

Jumatatu, 17 Machi

Shemeji kaja ofisini mwenyewe, kanuniana hata na mlinzi. Fundi wa kiwanda kamwambia mashine ya geti inachukua saa kwenye seva ya chuo. Yangu!

"Shem, kumbe ni wewe unayetaka kunimwagia unga."

Niliudhika, siwezi kuficha. Nikamvutia kiti, nikamwonyesha kwenye skrini: yangu, na zile mbili nyingine. Tofauti yake ni ndogo kuliko kupepesa jicho. Akatazama kwa heshima kidogo, kisha akasema niandike tu kwamba ilikosea wiki hizi. Nani atakagua? Nani atakufa?

Nikamweleza kuhusu mkuu na kabati. Barua kama hiyo ikimfikia, seva haipo tena, na nchi inabaki na saa mbili za kubishana. Shemeji kasema yeye ana watoto watatu, wala hawali sekunde.

Hapo alinishinda. Lakini sikuandika.

Kaondoka bila kuaga. Kitambulisho cha mgeni kakiacha mezani kwangu, ikabidi nimkimbilie nacho hadi getini. Hakugeuka.

Jumanne, 18 Machi

Mama kapiga. Kashapewa habari zote, na chumvi juu. Nashindwa kumsaidia mume wa dada yangu kwa dakika chache tu? Nikasema seva yangu haijawahi kukosea hata sekunde moja. Mama kasema hakunizaa mimi ili nije kuitetea mashine.

Ijumaa shemeji anaitwa mbele ya ofisi ya wafanyakazi. Wameniita na mimi, kama mwenye saa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetoka kwa dada sasa hivi.

Nilikwenda kupatana. Nilipokelewa kwa salamu ya baridi, chai ya moto. Shemeji akaanza tena: anakunywa chai, anatazama saa ya ukutani, anatoka. Simu anaiacha nyumbani, kiwandani haziruhusiwi. Miaka yote ndivyo, miaka yote anafika mapema.

Dada akainamisha uso. Akasema ana jambo. Ile saa aliisogeza mbele dakika kumi tangu walipohamia, ili mumewe asichelewe kazini.

"Kwani unafikiri sijui?" shemeji akasema. "Nilijua mwezi wa kwanza. Kila asubuhi napunguza kumi."

Wakacheka wote wawili! Dada akampiga begani kwa leso. Miaka yote anajiona mjanja, na mwenzake anamwacha ajione. Sijawaona wakicheka hivyo siku nyingi.

Kisha wakaitazama saa. Taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza kwenye redio. Saa mbili kamili redioni. Saa mbili kamili ukutani.

Dada akauliza nani kairudisha. Shemeji akasema, wewe. Dada akasema, mimi niirudishe ya nini? Wewe ndiye unayetafuta kisingizio. Kisingizio cha nini, akauliza shemeji. Unajua mwenyewe! Na ile habari ya nyumba anayopitia asubuhi ikatoka, mbele yangu, kwa sauti.

Mimi niliomba maji ya kunywa.

Nikayanywa. Nikaaga. Shemeji alikuwa anatandika kwenye kochi.

Ijumaa, 21 Machi

Kiwandani. Naandika kwenye benchi la nje, harufu ya gundi ya magodoro imenijaa kichwani.

Nimeshaingia mara moja. Afisa si mtu mbaya. Kaniuliza kama saa ya seva iliwahi kukosea. Nikasema hapana. Kauliza nina hakika? Nina hakika. Nilimwona shemeji ananywea kwenye kiti chake, shati la sherehe, kola imebana shingo.

Afisa kasema hataki kumwonea mtu. Mfanyakazi huyu hakuwahi kuchelewa, sasa kila siku. Kuna sababu. Apewe sababu ya kweli, faili linafungwa, kesho anarudi kazini. Shemeji kasema hana. Tukatolewa, wajadiliane.

Seva yangu imepona. Ni sahihi. Na ile ya sebuleni nayo ni sahihi tangu nilipoigusa, na shemeji bado anaipunguzia kumi — hilo ndilo tatizo.

Naona haya. Tangu jana naona haya, na mdomo umekuwa mzito.

Dada kaja na mumewe, kakaa pembeni yangu. Kaishusha ile saa ukutani, kaileta kwenye mfuko wa plastiki, anataka kumwonyesha afisa. Imelala mapajani mwake, inagonga. Nimechungulia. Nimeilinganisha na simu. Sawasawa kabisa.

"Wewe ndiye fundi wa saa, mdogo wangu," kaniambia sasa hivi. "Ukiishika tu, huwezi kujua aliyeigusa?"

Kaniwekea mfuko mikononi. Mlango unafunguliwa. Afisa ananiita mimi —