Ndegwa wa Muiruri, Sauti Yako Bado Inaita

Mwaka umezunguka sasa, Ndegwa, tangu tukushushe kaburini pale chini ya shamba, huku Bahati. Siku hiyo maikrofoni ilikataa kabisa kutoa sauti ya pasta mpaka mtu akaipiga kofi. Watu walicheka huku wakilia. Walisema fundi ameondoka na sauti zake.

Ulikuwa mtu mpole. Ulitengeneza amplifaya za makanisa kuanzia Gilgil mpaka Mau Narok, na kanisa lisilo na kitu ulikula viazi vyao ukasema mmemalizana. Lakini penzi lako lilikuwa ile amplifaya kuukuu uliyoiokota kwenye banda la shamba la wazungu wa zamani, ile ya valvu, taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. "Hizi za kisasa zinapiga kelele tu," ulikuwa ukisema. "Hizi za kioo zinaongea."

Ulikuwa na jozi tatu za valvu: 6L6, KT88 na EL34. Ulichomeka jozi moja, ukaweka kanda ile ile, ukafumba macho. Hukuuliza kama sauti ni kali ama ni laini. Uliuliza, "Hii ni ya nani?" Na mkeo Wangu akajibu kutoka jikoni, "Baba Muiruri, mimi nasikia maharagwe yakiungua tu."

Kwenye kanda ilikuwa sauti yako peke yake, uliyojirekodi siku ulipokuwa ukimfundisha Wangu kusimama mbele ya maikrofoni aimbe kanisani. "Wangu, unanisikia?" Halafu kimya. "Sema karibu," yaani asogelee maikrofoni. Kimya tena. "Hapo hapo. Usitoke hapo." Maneno hayo uliyarudia mpaka kanda ikaisha. Wakati ule hatukuona ubaya wowote ndani yake.

Baada ya mazishi, Wangu alipotewa na sauti yako. Uso wako alikuwa nao, picha iko ukutani. Lakini sauti ilimtoka kichwani, akaitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Aliweka ile kanda kwenye redio ndogo, akasikiliza, akaizima. "Huyu si yeye," akasema. Ndipo akamwita Kibii wa Mau Narok, fundi mwenzako, aiwashe ile amplifaya yako.

Kibii alianza na 6L6. Sauti ilitoka safi, kila neno limenyooka kama la mtu anayesoma habari.

"Ni ya nani?" Kibii akauliza, kama wewe.

"Ya mgeni," Wangu akasema.

Akaweka KT88. Ndegwa, hapo nyumba iliingia baridi. Sauti ilishuka, nzito, kama inatoka ndani ya tangi la maji, na haikuwa yako. Ilikuwa ya baba yako, mzee Muiruri, aliyekufa kabla Wangu hajaolewa hapa. Wangu hakuwahi kumsikia. Sisi tuliowahi kumsikia tulitazamana, hakuna aliyetaka kulitaja jina.

Kisha akaweka EL34, zile ulizokuwa ukizihifadhi ndani ya soksi zisivunjike. Zilichukua muda kupata moto. Halafu ukasema, "Wangu, unanisikia?" Ulikuwa karibu, kifua kizima ndani yake, na ule mkwaruzo wako wa asubuhi kabla ya chai. Mtu mmoja alisogea kwenye kiti kukupisha.

"Nakusikia," Wangu akajibu.

Na neno lake likatoka kwenye spika, hafifu, chini ya lako.

Kibii alicheka kile kicheko cha woga. "Mama Muiruri, usishtuke. Valvu ikizeeka inaota masikio. Kioo kinanasa kelele za chumba." Akakigonga kwa penseli, tukasikia ngo, ngo, kwenye spika. Sisi tukaridhika. Wangu hata hakuwa akimsikiliza.

Tangu siku hiyo alikuwasha kila siku baada ya chai. Unamwita, anaitika. Unamwambia aseme karibu, anasogea. Unamwambia asitoke, hatoki. Uji uliganda mbele yake, ng'ombe akakamuliwa na majirani. Pasta alipokuja kumwombea, aliambiwa anyamaze, Baba Muiruri anaongea. Na ile sauti yake ya kuitika, kila siku ilinenepa ndani ya spika na kukonda mdomoni mwake.

Mwanao Muiruri alitaka kuificha kanda. Mama yake akamwambia, "Ukimzika baba yako mara ya pili, unizike naye."

Tuliogopa, Ndegwa. Tunakuambia bila kuficha: tuliona unamchukua.

Mchana mmoja Kibii alikuja kuziangalia zile valvu, maana zilikuwa zimeanza kuiva nyekundu vibaya. Alimkuta Wangu ameegemea spika. Ulikuwa ndio kwanza umesema, "Usitoke hapo," wakati Muiruri alipopaza sauti huko nje.

"Mama! Mume wako anakula udongo huku!"

Alimaanisha mjukuu wako, anayetambaa. Jina lake ni Ndegwa, na kwa desturi yetu yeye ni wewe. Wangu humwita mume wake tangu azaliwe.

"Mama, sasa ameshika nyungunyungu! Unakuja, ama nimwache amalize?"

Wangu aliangalia spika. Akaangalia mlango. "Wangu, unanisikia?" ukamuuliza. Hakuitika. Aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka. Tukamsikia nje akigomba, "Wewe mzee! Chakula kimeisha nyumbani kwangu mpaka ule udongo?"

Ndani, ukauliza tena, "Wangu, unanisikia?"

"Nakusikia," sauti yake ikajibu kwenye spika.

Kibii akaangalia kiti. Kilikuwa kitupu. Wangu alikuwa uani, anacheka, anamfuta mtoto mdomo.

"Sema karibu," ukasema.

"Nimekaribia."

Kibii aling'oa waya ukutani.

Tulimweleza Wangu yote. Akamhamisha mtoto bega la pili. "Basi Baba Muiruri ana wa kuongea naye," akasema. "Mimi mniachie huyu mdogo." Jioni hiyo alikula, akaomba aongezewe.

Ibada ni Jumamosi hapa nyumbani. Tutaimba kwa midomo, bila maikrofoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wangu, mwanao Muiruri na mkewe Njoki, mjukuu wako Ndegwa, kaka yako Naftaly, na rafiki yako Kibii. Hutatutoka mioyoni siku zote za maisha yetu. Pumzika, fundi. Yule aliyekuitikia, kaa naye kwa amani.

Wangu, kwa sasa, ni wetu.