Majua Madogo Kibandani

Ijumaa, 5 Mei

Leo mjukuu wangu kaniweza. Mimi! Mtaa mzima wanamwita Kwanini, na jina limemkaa kama soli mpya. Ameingia kibandani nikiwa nashona buti, akakodolea macho sakafu. Paa langu la bati lina matundu ya misumari, na jua likipenya linamwaga vidoa vya mwanga chini. Akauliza kwa nini vidoa vyote ni vya duara na matundu yenyewe yamepinda kama meno yangu.

Jibu ninalo siku zote. Nikamwambia mwanga unatoka mbali, njiani unaviringika, ukifika kwetu kona zote zimeshalika. Jibu tamu, hata mimi nililipenda. Kwanini hakucheka wala nini. Akaokota boksi la viatu, akakata kipande, akakitoboa tundu la pembetatu, akapanda kwenye meza yangu ya kazi na kukibandika chini ya tundu la bati.

Kidoa — duara!

Akatoboa la nyota. Duara! Nikatoboa mwenyewe kwa msharasi wangu wa kutobolea ngozi, tundu refu kama jicho la paka. Duara vilevile! Buti la watu limelala bila soli, na mimi hapa nimepigwa na butwaa.

Jumamosi, 6 Mei

Kwanini amemuuliza mwalimu wake wa sayansi. Nimeambiwa: kila kidoa ni picha ya jua. Jua lenyewe! Tundu likiwa dogo na paa liko juu, umbo la tundu halina neno. Duara ni kwa sababu jua ni duara.

Yaani miaka yote hii nimekanyaga majua. Nimeyatemea misumari. Nani mwingine mtaani kwetu ana majua sakafuni kwake?

Na kuna kubwa zaidi. Jumatano saa nne asubuhi jua litapatwa, mwezi utapita mbele yake. Halitafunikwa lote, litamegwa tu. Mwalimu kasema likimegwa juu, na vidoa vyote chini vitamegwa. Kasema pia mtu asithubutu kulitazama jua kwa macho matupu, ataumia. Sasa nani alikazie macho wakati mimi ninalo sakafuni?

Nikatoka mbio kuutangazia mtaa. Wakacheka! Mtaani naitwa Redio, na Redio juzi tu iliwatangazia habari za mteja mwenye vidole saba mguu mmoja, aliyenitia njaa kwa kubadili saizi ya kiatu kila wiki. (Vilikuwa sita. Saba inanoga zaidi.) Safari hii nasema kweli tupu, na kweli yenyewe hainunuliki.

Kinyozi wa pembeni, kaka wa mke wangu, kanisimamisha mbele ya wateja wake. Majua ya kibandani yasipomegwa, nikae kimya mwezi mzima. Hakuna hadithi, hakuna hata "alikuwepo mtu mmoja". Yakimegwa, anyamaze yeye. Kinyozi bila maneno! Hakimu tukamchagua mke wangu, maana hajawahi kuniamini hata mara moja. Tukapeana mikono.

Jumatatu, 8 Mei

Mke wangu anaimba jikoni. Anasema anapanga mwezi wake wa utulivu, atasikia hata ndege. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenifundisha herufi, shule sikuikanyaga, kwa hiyo nikinyamazishwa nitamwandikia. Kasema sawa, yeye hatasoma.

Kakubali kuolewa nami kwa maneno yangu huyu. Sasa anajifanya yamemchosha.

Jumanne, 9 Mei

Nimekwisha.

Nilikwenda kumpelekea mlinzi wa ghala buti lake, nikachelewa kidogo — nilikuwa namweleza habari za majua. Kurudi, kibanda giza. Giza! Mke wangu kasimama mlangoni anatabasamu, kapendeza. Kaita fundi wa paa. Kila tundu limezibwa kwa lami.

Nimemwahidi kuziba paa lile tangu watoto wetu hawajaota meno. Akasema kesho mtaa mzima wanakuja kunicheka, basi wasicheke na paa. Hakutaka waone mumewe anafanya kazi ndani ya chujio.

Sasa mtu kama huyo unamgombezaje? Nikasema ahsante. Yeye majua alidhani ni hadithi zangu tu, hakujua yanaletwa na matundu. Kanitazama sana. Hajazoea niseme neno moja.

Kwanini kaniletea chai, kaninong'oneza: "Babu, tundu ni tundu. Si lazima liwe la bati."

Jumatano, 10 Mei

Naandika nimesimama! Kibanda kimejaa watu, shemeji kaja na kiti chake cha kunyolea kabisa, kakaa katikati kama bwana harusi. Sakafu nyeusi tii. Wameanza kunihesabia siku za kimya.

Nikachukua ngozi ya kiatu ninachomtengenezea mke wangu kwa siri, ile niliyoitoboa vitundu kama ua, bado sijaishona. Nikatoka nayo, nikaiinua juu, jua likapita, kivuli kikalala kwenye ukuta mweupe wa kinyozi. Ua lote la majua madogo — na kila jua limemegwa! Kama mwezi mchanga! Mengi kuliko nilivyoweza kuyahesabu, yote yanaangalia upande mmoja!

Kelele iliyopigwa hapo, acha tu.

Shemeji kaja kuangalia, kaangalia sana, kisha kasema hapana. Tulikubaliana kibandani, si ukutani kwake. Watu wakagawanyika. Wote wakamgeukia hakimu.

Mke wangu hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshika ile ngozi, anaisogeza mbele, anairudisha nyuma, majua yanakua, yanapungua. Akauliza kiatu ni cha nani. Nikasema saizi yake. Akaipima ngozi kwenye mguu wake. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Hukumu bado. Nipe msharasi."

Sasa yuko juu ya meza yangu. Kajifunga kanga kiunoni, anachokonoa lami aliyoilipia jana. Nikataka kumsaidia, kanikataza nisiguse kitu, shemeji asije akasema nimefanya ujanja. Basi mikono haina kazi, naandika. Kwanini kaishika meza. Kasema tufanye haraka, mwezi haungoji, unaondoka mbele ya jua.

Lami inadondoka vipande vipande kwenye upara wa shemeji na hata hajifuti. Wote tumeinamisha vichwa, tunatazama sakafu.

Hakuna anayecheka. Mke wangu anasema, "Nimefika bati. Tazameni chini, tazameni, jua limemegwa, hapo kwenye mguu wa —"