Elia Avuke, Lakini Mashini Isimujue Baba Yake

Rumonge

Mama Elia, mudogo wangu wa tumbo moja,

Amahoro sana. Huku tunapumua, bugali iko, samaki ya ndagala iko siku wanaruhusu mitumbwi kutoka. Na nyinyi huko Baraka? Mugongo wa shemeji umetulia? Wale watu wa bunduki wangali wanapita kukamata vijana? Nimesikia ombi lako, kwamba Elia wako avuke ziwa aje kwangu. Ngoja kwanza. Hapa bila karte ya utambulisho hupiti barrage ya askari, hata ukienda Kizuka tu kutafuta mawese.

Karte zinatoka ku biro ya watu wa misaada. Na nani anashona vifuko vya kuzivaa shingoni? Miye! Walitafuta fundi kuanzia Nyanza-Lac mpaka Bujumbura, wakarudi kwangu wamechoka. Si wanajua? Mukubwa wa barrage nilimushonea suruali akiwa ameivaa, anakagua gari, na hakusikia sindano.

Basi niko ndani ya biro na cherehani yangu, macho wazi. Kila mutu anaulizwa jina, baba, kilima alichozaliwa yeye na baba yake, kabila. Bwana Dezire, ule wa mashini, anaandika yote. Nimeona ku kioo cha mashini: kila jibu limefungwa mbele na nyuma kwa vijina vidogo, kimoja kinafungua, kimoja kinafunga, kama kifungo na tundu lake. Lakini karte ikitoka, iko jina na picha tu! Nikamuuliza:

"Bwana Dezire, kilima na kabila vimekwenda wapi?"

"Viko ndani, fundi. Ni feyi ya stili inayosema nini kitoke ku karatasi, herufi kubwa ama ndogo, juu ama chini. Ni kama patroni yako ya kukatia nguo."

"Na ukibadilisha patroni?"

"Maandishi ni yale yale, karatasi inatoka ingine. Angalia."

Akaweka feyi ingine, anacheka. Watu wale wale wakatoka ku karatasi ndefu, wamepangwa kilima kwa kilima. Mama yangu! Muguu ulisimama ku cherehani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kugawa maharagwe, fundi. Weye unaogopa hata maharagwe?"

Labda ni maharagwe kweli. Lakini miye ni fundi wa nguo, dada. Mutu akileta kitambaa cha suruali, anapata suruali, anashukuru, anakwenda. Vipande vinavyobaki havitupwi! Viko ndani ya gunia langu, na nusu ya kofia za watoto wa Rumonge zimetoka humo. Leo ni maharagwe. Kesho anakuja mukubwa mwingine na patroni yake, anataka karatasi ya kabila peke yake, na hana haja ya kumuuliza mutu tena.

"Akija huyo, utamukatalia?" nikamuuliza.

Dezire akavua miwani, akaipangusa. "Akija na bunduki, fundi, weye utamukatalia?"

Nikarudisha muguu ku cherehani.

Sasa, unajua shemeji amezaliwa kilima gani, na unajua watu wa kilima kile wanavyotazamwa vibaya hapa. Kilima chenyewe sikiandiki, hata kama barua hii nimeishonea ndani ya pindo la kitenge cha Mama Neema, muuza ndagala anayevuka kuja kwenu. Ukisoma, choma.

Neno langu ni hili. Elia avuke, maana huko watamuchukua. Ku biro atasimama nyuma yangu, nami nitasema: huyu mutoto wangu wa kwanza, amezaliwa Uvira, basi. Uongo mukubwa nimesema mwingi, unanijua. Huu nitausema mudogo, bila kuutia chumvi. Kisha wabadilishe patroni wanavyotaka. Kila karatasi itasema mutoto wa Zakaria fundi.

Lakini sitamufanya wangu bila ruhusa ya mwenye mutoto. Muulize shemeji taratibu, akiisha kula. Asione nimemunyang'anya damu yake. Ni ku karatasi tu, mupaka vita vipite. Akikubali, Elia asipande mutumbwi kabla hajazoea kujibu "Zakaria" akiulizwa baba, bila kukutazama weye.

Unisalimie shangazi Nabintu anayetukamulia mawese, na mudogo wa shemeji, ule mupiga ngoma wa kanisa. Murakoze kwa maombi yenu, tunayasikia mupaka ng'ambo hii.

Ni miye kaka yako, na shemeji akikubali, baba Elia,
Zakaria fundi