Rimu za Inchi Kumi na Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa jaladani, kazini huitwa Mzee wa Rimu
Umri: miaka 47
Kazi: fundi wa rimu na matairi
Makazi: kwa mama yake mzazi, nyuma ya soko la mbao
Yameandikwa: Jumanne, tarehe 22 mwezi wa tatu, saa tano asubuhi

Nina karakana ya matairi mkabala na stendi ya malori, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwenye gari lililopinduka ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike.

Mnamo Jumamosi tarehe 12, saa nne asubuhi, shemeji alifika na gari lake la mbio la milango minne. Alikuwa amekwisha kulishusha kwa springi fupi mahali pengine. Kiwandani lilitoka na rimu za inchi 17 na matairi ya upana wa milimita 225. Alitaka inchi 19, upana 265, na rimu za kutokeza nje. Rimu alikuja nazo kwenye boksi, kwa hiyo ushauri wangu hakuufuata, alifuata mikono yangu tu. Nilimwambia achukue inchi 18, upana 235, ili tairi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikamwambia gari la pichani halibebi watu nyuma.

Akajibu mbele ya mafundi wangu na wateja wawili: "Shemeji, wewe ziba pancha. Haya ya mbio tuachie wenyewe." Watu walicheka. Alicheka hata fundi niliyemfundisha mimi kushika spana. Neno lile liliniuma sana.

Nilikataa kazi. Saa tano na robo mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, mfungie tu, nipate amani ndani ya nyumba." Nikafunga. Ukingo wa ndani wa fenda za nyuma niliukunja kwa nyundo ili tairi lisiguse. Gari likiwa tupu, vidole viwili vilipita kati ya tairi na fenda.

Kwangu gari lililobadilishwa saizi halitoki mpaka mafundi wanne wakae ndani, usukani uzungushwe mpaka mwisho kushoto na kulia, na mimi niinamie kila tairi nisikilize. Hata mteja mwenye haraka ya harusi husubiri. Siku ile sikumkalisha mtu. Nilimpa ufunguo, nikasema moyoni, mjuaji huyo, atajua mwenyewe. Tangu hapo hatukusemezana.

Jumapili tarehe 20, saa mbili na nusu asubuhi, shemeji na mdogo wangu walikuja nyumbani kumchukua mama, wakamwone mama mdogo aliyekuwa anaumwa. Mimi ndiye niliyepakia gunia la mchele kwenye buti. Mama yangu alikuwa mwanamke mwenye mwili. Alipojitosa kiti cha nyuma kushoto alisema, "Mwanangu, hiki kiti au beseni?" Nikacheka, nikamfunga mkanda. Wakaondoka.

Saa tatu na dakika ishirini mdogo wangu alinipigia. Nilisikia honi inalia bila kukoma. Nilifika kwenye kona ya kabla ya daraja saa nne kasoro kumi. Gari lilikuwa juu chini. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekatika ubavuni, duara zima. Mama alikuwa amekwisha kufariki.

Shemeji ameeleza hapa kituoni kwamba nilimhakikishia saizi ile. Ni uongo, nilimkataza, na mashahidi ni haohao waliocheka. Wajomba wananishauri niishie hapo, wanasema ukweli huo unatosha. Hautoshi.

Nilipoinama kumfunga mama mkanda niliona tairi limeingia chini ya fenda. Hata kidole kimoja kisingepita. Nilijua litasagika. Ilinipasa nimwambie shemeji azime gari, lakini kama ningemwambia, ningekuwa nimeanza mimi kumsemesha. Alikuwa ananitazama kwenye kioo. Hasira hasara, mama alituimbia neno hilo tangu tukiwa wadogo. Nikafunga mlango.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, ni sahihi, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maelezo ya askari mwandikaji: Shahidi alipofikia habari ya kumfunga mama mkanda nilisimamisha kuandika, nikamwonya kwamba maneno hayo yanaweza kutumika kumshtaki yeye. Akasema niandike. Hakulia. Ameomba jambo moja: mdogo wake, ambaye bado yuko wodini, asisomewe maelezo haya na mtu mwingine. Atamwambia mwenyewe.