Jasho Langu Linaua Ekutere

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4 mwezi wa tano

Nimefunga ndagala, samaki zetu ndogo za ziwa, vitunga viwili. Nimejaza kinga, baiskeli yangu, upepo. Mupira wa nyuma uko muzima. Mi pia.

Kesho napanda mpaka soko la Fizi. Kila juma, siku ya pili napanda, siku ya tatu nashuka, siku ya ine napanda tena. Vijana banapanda na moto, pikipiki. Mi na miguu yangu na kinga ya chuma, miaka makumi ine. Mulima unanijua.

Tatizo ni korali ya kanisa. Mazoezi ya wimbo wa Pentekote yanafanyika saa mi niko njiani. Mwalimu Etabo, ule kijana anatuongoza, amenitilia somo la besi ndani ya telefone. Anafundisha saa moja na nusu, mustari kwa mustari. Wimbo uko na kuple tatu, ni kusema beti. Amesema tarehe 23 kila mwanaume ataimba peke yake mbele yake. Asiyejua, siku ya Pentekote atakaa kwa viti pamoja na batu.

Mi, kwa viti. Mi besi ya kwanza ya muji wote wa Baraka.

Karatasi ya wimbo alinipa. Kusoma najua. Ila herufi ni ndogo na wimbo unakimbia.

Telefone yangu ilikunywa mafuta ya mawese, haisemi tena kwa inje. Inasema ndani ya ekutere tu. Nimenunua nyeusi, za nyuzi, za kuingiza ndani ya masikio. Nitajifunza nikiendesha.

Siku ya pili, tarehe 5

Tambarare yote, kuple ya kwanza. Imeingia. Nimeimba kwa nguvu. Bamama ba shambani bamesimamisha majembe. Bamependa.

Mulima ukaanza. Jasho pia. Jasho langu si la muntu wa bureau, wa meza na kalamu. Kuple ya pili inaisha, niko kwa kona ya lile gari bovu lenye kulala pembeni. Ekutere zikalia kwii. Zikanyamaza.

Zimekufa.

Siku ya tatu, tarehe 6

Nimerudi nyumbani. Nimeziweka juu ya mbabula, jiko la makala, zikauke. Zimeyeyuka. Mama Asende, bibi yangu wa ndoa, anasema harufu imeingia kwa mboga ya sombe. Sombe nimekula yote, aone.

Siku ya posho, ya sita ya juma, tarehe 9

Nimeazima za jirani. Nimekaa nyuma ya nyumba nisikilize polepole. Kuple ya pili nikasinzia. Mi si muntu wa kukaa.

Kuruka mpaka kuple ya tatu sijui nibonyeze wapi. Nikigusa, Mwalimu anaanza upya, "Bwana asifiwe, babesi." Kuuliza siulizi. Nilishaambia batu bote wimbo nimeumeza kwa siku moja.

Siku ya pili, tarehe 12

Ekutere kubwa, za kufunika masikio yote, na sifongo ndani. Nimepita sokoni kama mukubwa wa jeshi.

Kwa mulima masikio yamepikwa. Jasho limejaa ndani kama kikombe. Sikusikia moto nyuma yangu. Motari, mwenye kuiendesha, amenitukana mpaka kwa babu yangu, hilo nikalisikia. Kufika gari bovu, sifongo imekuwa bukari, ugali wa maji. Kimya.

Kuple ya tatu sijaisikia hata neno.

Siku ya ine, tarehe 14

Zisizo na nyuzi. Ndogo kama maharagi. Muuzaji aliapa.

Nimeinama kukaza kamba ya kitunga, moja ikatoka kwa sikio. Sikuiona. Ingine jasho limeiua kwa mulima. Nimefika Fizi, nimepima ndagala kwa sahani, bamama banaweka ndani ya mabeseni. Mumoja ananiita.

"Papa Wilondja, njoo usikie. Ndagala zako zinasema Bwana asifiwe."

Soko lote likacheka. Nimesema ndagala zangu zote zimebatizwa. Bakacheka tena, lakini pamoja na mi. Ekutere ilikuwa imejaa chumvi. Ikafa pale pale ndani ya beseni.

Siku ya tano, tarehe 15

Alimasi amenikuta kwa pompi ya maji. Yeye pia ni besi, tena ya mustari wa nyuma. Hakosi mazoezi.

"Muzee, na kuple ya tatu umeishika?"

Nimesema nimeishika.

"Ile ni ngumu sana kwa muntu kama wewe."

Mama Asende alikuwa anachota maji. Yeye anaimba soprano, anajua wimbo wote. Amecheka ndani ya kitenge. Sikuuliza anacheka nini. Nimekasirika mpaka usiku.

Siku nane zimebaki.

Siku ya kwanza, tarehe 18

Leo nimechagua kama muntu mwenye akili. Nimeenda kwa Esperansi, ule dada Murundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda mwenye kuweka meza sokoni. Nimemwambia nataka ekutere ya muntu mwanaume.

Amenionyesha moja yenye ndoano ya kushika nyuma ya sikio. Mupira tupu, hakuna sifongo. Amemwaga kikombe cha maji juu yake. Bado inaimba.

Nimemwambia maji si jasho.

"Basi, papa, nenda utoe jasho. Kofia ubakishe hapa, iwe rehani."

Nimezunguka kiwanja cha mupira na kinga mara kumi na mbili, jua la saa saba. Batu bakakusanyika, bengine bakapiga makofi. Nimerudi nimelowa kama muntu aliyetoka ziwani. Inaimba. Nimeikamua ndani ya shati. Inaimba.

Esperansi anasema: sikio moja tu, lingine lisikilize moto za barabarani. Ukifika, panguza na kitambaa kikavu. Usiweke juu ya makala. Nani amemwambia habari ya mbabula, sijui.

Siku ya pili, tarehe 19

Tambarare. Mulima. Jasho mpaka ndani ya viatu. Gari bovu. Nimefunga macho.

Inaimba.

Nimepita gari bovu na kuple ya pili yote. Nimesukuma kinga huku moyo unapiga. Mwalimu akakohoa. Akasema: "Kuple ya tatu, babesi munyamaze. Ni bamama peke yao. Asanteni."

Somo likaisha.

Nimekaa juu ya jiwe. Ekutere ine nimelipa.

Siku ya posho, tarehe 23

Mutihani. Kuple ya kwanza na ya pili nimeziimba mpaka mabati yakalia. Ya tatu nikasimama. Mwalimu anaangalia kinywa changu. Koo linavuta kama mbuzi kwa kamba. Nimeuma meno.

Nimeshinda. Alimasi amenipa mukono. "Hiyo sikujua unaweza."

Siku ya Mungu, tarehe 24

Pentekote. Nimesimama kwa nafasi yangu, nyuma ya Mama Asende, kama kila mwaka.

Kuple ya tatu tukanyamaza. Bamama bakaimba. Sauti ya Mama Asende ilikuwa mbele yangu pale, nyembamba, haitetemeki. Miaka makumi ine nasimama nyuma yake. Kila siku besi yangu ilikuwa juu ya sauti yake, inaifunika.

Tumerudi kwa miguu. Nimemwambia uko na sauti nzuri. Ameniuliza kama naumwa.

Ekutere nimepanguza na kitambaa kikavu. Kesho nafunga ndagala.