Swichi Chini ya Kiti

Jumanne.

Injini ilizunguka asubuhi nzima, haikuwaka. Nilisafisha plagi mara mbili huku baba akinimulikia kwa simu yangu. Nilikuwa nimpeleke kliniki ya macho.

Mke wangu alijificha jikoni. Kwa mila zetu hakutani na baba mkwe, kwa hiyo sikushangaa.

Saa sita baba akachoka, akapanda bodaboda. "Ndaga," akanishukuru, kana kwamba nimemsaidia.

Ndipo mke wangu akatoka. "Jana nikifagia gari nilizima ile swichi ya wezi, inayokata pampu ya mafuta. Hukuona meseji yangu, Baba Tusekile?"

Nikaiwasha. Gari likawaka papo hapo.

Sijui nitamwambia baba nini. Meseji iliingia saa mbili. Aliishika mkononi asubuhi nzima, na macho yake yale.