Nywele za Yotham

Chang'ombe, Dodoma

Mdogo wangu Penina,

Marahaba. Shikamoo yako Marko ameifikisha, pamoja na karanga, ingawa nusu ya karanga ni maganda. Mimi nipo. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Wewe nasikia kifua kimepungua; endelea na maji ya moto na uache kulala chumba kimoja na mbuzi. Wasalimie wote hapo Mpwapwa. Kaka yetu Gerson naye msalimie, lakini barua hii usimsomee.

Naandika kwa sababu simu wewe husikii mpaka uweke sauti kubwa, na ukiiweka mtaa mzima unaingia kwenye mazungumzo. Hili halitaki mtaa. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kisomo cha ngumbaru, usome polepole.

Mwaka juzi uliniuliza matanga ya mwanangu Ruthu tutayaanua lini, na mwaka jana ukauliza tena, nikakwambia uniache. Sasa nakujibu, ila lazima nianzie kwa Yotham.

Unakumbuka alivyoanza mjukuu wangu huyu. Ruthu alimsomesha ualimu, akaenda Dar es Salaam kufundisha, kumbe anakwenda kuigiza. Tukamwona kwenye televisheni amevaa suti, ni kijana tajiri aliyemfukuza mama yake nyumbani. Kila jioni anamfukuza. Sokoni Makole wanawake waliniuliza kama huwa ananitumia hata sukari, na muuza mchicha mmoja alimwambia Ruthu usoni kwamba amezaa nyoka. Ruthu akacheka, akasema nyoka huyo ndiye anayelipa umeme. Yeye alijivunia mwanawe. Mimi nilisema ualimu ulikuwa na pensheni.

Halafu Ruthu akafa, tamthilia ikiwa katikati. Yotham alikuja, akazika, akatupia udongo kama inavyotakiwa. Siku ya kunyoa akasema hanyoi. Wewe ulikuwa jikoni hukusikia yote, nami sikukueleza kwa hasira. Alisema ameshapigwa picha akiingia kwenye nyumba fulani ana nywele, na picha ya kutoka bado. Akinyoa, mtu ataingia na nywele na kutoka na upara, na nchi nzima itaona. Tena ametia sahihi mkataba. Nikamuuliza kama mama yake naye alitakiwa atie sahihi kwamba hatakufa mpaka picha ziishe. Akachukua begi lake akaondoka, nywele zake kichwani.

Gerson akasema tunyoe waliopo tufunge. Nikakataa. Kwetu mtoto wa marehemu ndiye anayetangulia kunyolewa, wengine wanamfuata, na Ruthu alikuwa na mtoto mmoja tu. Basi nikafunga chumba cha Ruthu kwa kufuli, na kichwa changu nikakifunga kitambaa.

Miaka mitano, Penina. Siku ya msiba sikulia, nikasema machozi yatakuja tukianua matanga. Hatukuanua. Nikawa nafagia, napika, nakwenda kanisani, kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, kisha akaona hana haja ya kuusogeza.

Huko kwake Yotham alizidi kupanda. Kwanza wakampa kuwaongoza wenzake, anakaa nyuma ya kamera anawaambia lia, cheka, kata. Sasa ni mtayarishaji pia, yaani tamthilia ni yake na waigizaji ni wake, na mvua ikinyesha lawama ni zake. Aliniletea televisheni kubwa kuliko dirisha. Kila akija nywele ziko palepale, zimechongwa vizuri. Hakuna tena wa kumkataza kunyoa, mkubwa ni yeye. Lakini mimi siombi mara mbili, na yeye kichwa chake kigumu kama changu. Tunakula ugali na mlenda, tunazungumzia mvua.

Mwezi uliopita akaja na magari matatu na watu wake, akaomba ua wangu. Tamthilia mpya ni ya familia iliyofiwa, na nyumba za Area D alizoonyeshwa zina vigae mpaka chooni, hazifai. Nikamwambia apige picha zake ila chumba cha mama yake asikiguse. Majirani wakaitwa wakae mikekani wawe wafiwa, wakapikiwa wali. Hamida wa nyumba ya pili alilia mpaka akaambiwa apunguze, marehemu si mumewe. Akasema mumewe asingemlilia hivyo, hicho ni kilio cha wali tu.

Ikafika picha ya kumnyoa mtoto wa marehemu. Aliyeigiza ni kijana wa Kondoa anaitwa Nurdini, mpole, nywele zimemjaa. Akakataa. Akasema ana tangazo la mafuta ya nywele halijakwisha kupigwa, na huko ametia sahihi. Yotham akamwakia mbele ya watu wote. Akamwambia hana adabu ya kazi, akamwambia mtu akifiwa na mama yake hatazami nywele. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua choroko, nikamtazama. Sikusema neno, na unajua kwangu hiyo ni kazi.

Yotham akavua shati, akakaa mwenyewe kwenye kigoda, akasema wampige picha kwa nyuma, mabega yake na ya Nurdini yanafanana. Mama aliyelipwa awe bibi alishika wembe kama anamenya kiazi. Yotham akasema, bila kugeuka, kwamba bibi yake anajua. Nikaenda kunawa mikono.

Sasa ndilo hili ninalokuandikia. Watu wote pale walidhani naigiza. Sikuigiza. Nilimlowesha maji, nikaanzia mbele kama mama alivyotunyoa sisi tulipofiwa na baba, na kwa Kigogo nikamwambia Ruthu kwamba mwanawe huyu hapa, amekaa, sasa apumzike. Nilipofika kisogoni Yotham akainamisha kichwa bila kuambiwa. Hakuna aliyesema kata, maana msema kata alikuwa chini ya wembe. Nikanyoa mpaka mwisho.

Kuna binti, Salma, kazi yake kuangalia nguo na nywele zisibadilike picha kwa picha. Akaja kwa heshima akasema bibi umekosea jina, marehemu wa hadithi haitwi Ruthu, turudie. Nikamwonyesha kile kichwa, nikamuuliza turudie na nywele za nani. Yotham akasema iachwe hivyo hivyo, akaenda kuwapanga watu kwa picha nyingine.

Walipokwisha kufunga vyombo vyao akaniuliza ile ilikuwa ya tamthilia au ya kweli. Nikamwambia yeye ndiye muongozaji, aseme. Akasema ya kweli. Akauchukua wembe, akaninyoa na mimi.

Gerson akijua atasema matanga hayaanuliwi mbele ya kamera na wali wa kuigiza, ataita wazee turudie. Mimi sirudii. Mwambie mtoto amenyolewa na mimi nimenyolewa, inatosha. Siku tamthilia ikionyeshwa ataona kisogo na mikono, atasema bibi huyo anaigiza vizuri.

Na wewe nyoa. Ukishanyoa uje kabla ya mvua tugawe vitu vya Ruthu. Magauni mazuri ni yako, usiwape wakwe zako. Chumba nimekifungua. Juzi nilikaa kwenye kitanda chake, nikafunga mlango, nikasubiri yale machozi. Hakikuja kitu. Nikasikia wanaopita nje wanabishana bei ya mkaa, nikatoka nikaenda kupika. Wewe tangu utotoni ulikuwa mwepesi wa kulia, na mimi nilikuchapa kwa hilo. Ukifika ingia humo ulie unavyotaka. Nitakaa karibu yako.

Wabusu watoto, na yule mkubwa mwambie akinisalimia kwa simu asitafune.

Ni mimi dada yako,
Damari